Karatasi Ndiyo Kufuli la Bunduki

Hapa Kanyenye, katika Manispaa ya Tabora, msimu wa mahindi kukomaa una mazungumzo yake. Wakazi wengi hulala mjini lakini mashamba yao yako mbali, upande wa Uyui na Sikonge, na huko ngedere, nyani na nguruwe mwitu hawamsubiri mwenye shamba aamke. Basi jioni, barazani, chini ya miembe ambayo ni kumbukumbu ya misafara ya zamani, utamsikia mtumishi aliyepata kiinua mgongo akisema, "Mwaka huu nanunua bunduki ya marisau," yaani ile ambayo wengi huiita shotigani. Wenzake watamwuliza mara moja ni shilingi ngapi. Watamwuliza kama ni ya mtutu mmoja au miwili. Sijapata kumsikia hata mmoja akimwuliza swali lililo kubwa kuliko hayo yote: "Je, ndugu, wajibu wa karatasi zake umejiandaa kuubeba?"

Swali hilo si dogo. Bunduki isiyo na karatasi kamili ni sawa na kitu kisicho na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huokotwa na yeyote. Karatasi ndiyo kufuli la bunduki. Lakini kufuli hilo lina funguo mbili. Mmoja uko mkononi mwa mnunuzi, na wa pili uko mkononi mwa mtumishi wa umma anayetia sahihi. Mmoja wao akilegea, kufuli limefunguka, hata kama bunduki yenyewe imefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watumishi na walimu, ambao ama ni wanunuzi, ama ni watia sahihi, ama ni vyote viwili, hatuna budi kuzungumza kwa uwazi.

MJI ULIOIJUA BUNDUKI

Tabora inaijua bunduki kuliko miji mingi ya nchi yetu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilipita hapa ikitoka Bagamoyo, na hapa ndipo ilipogawanyika, tawi moja likienda Ujiji na jingine likielekea kaskazini kwenye Ziwa Viktoria. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya Wanyamwezi, na bunduki zikapanda bara. Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindiliwa kwa mdomo na kuchukua aina mpya, zile kuukuu hazikutupwa baharini. Zilisafirishwa hadi Unguja na kuuzwa bara. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza mjini Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Matokeo yake yalionekana hapa hapa Unyanyembe. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa na ruga-ruga wake na bunduki zake, alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa, ikambidi azunguke kusini. Mwezi Januari 1893, Wajerumani walipoivamia boma ya Mtemi Isike, yeye aliona bora kuilipua ghala yake ya baruti kuliko kukamatwa akiwa hai. Ushujaa wa Isike ni fahari yetu, na watoto wetu hufundishwa. Lakini historia hiyo hiyo inatukumbusha kwamba nchi iliyojaa bunduki ambazo hakuna ajuaye ni za nani haikupata amani hata siku moja. Aliyeuza leo aliuziwa adui yake kesho, na msafara uliokuja na nguo na shanga ulirudi na watu waliofungwa minyororo.

Wakoloni nao walijua nguvu ya karatasi. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 walikubaliana kwamba bunduki zitakazoingia sehemu hii ya Afrika ziwekwe katika maghala ya serikali zao na zipigwe chapa. Mtu binafsi aliyeruhusiwa kuwa na silaha alipewa hati yenye jina lake na alama ya silaha hiyo. Hati ilidumu miaka mitano, na iliweza kunyang'anywa ikithibitika kwamba imetumiwa vibaya. Tusidanganyike, hata hivyo. Mkataba ule ulisemwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ulimwacha Mwafrika mikono mitupu ili atawaliwe kwa urahisi. Karatasi zile zilimlinda mtawala dhidi ya mwananchi.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo baadhi yetu bado hatujaiona. Wapo wanaoitazama fomu ya polisi kwa kasumba ile ile ya zamani, kana kwamba ni mtego wa mkoloni unaopaswa kukwepwa kwa ujanja. Sheria tuliyo nayo leo imetungwa na Bunge letu wenyewe. Ile ya mwaka 1991 ilichukua mahali pa amri ya kikoloni, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, ikachukua mahali pa ile ya 1991. Katikati ya hizo, nchi yetu ilijiunga na wenzake wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kutia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwezi Aprili 2004, ambayo inazitaka nchi wanachama kuzipiga silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Tulifanya hivyo kwa sababu mikoa yetu ya magharibi ilikwisha onja uchungu. Vita vya Burundi na vya Kongo katika miaka ya 1990 havikuleta wakimbizi peke yao. Vilileta na bunduki zisizo na jina. Leo karatasi inamlinda mwananchi dhidi ya bunduki. Anayeidharau anamdharau jirani yake.

SAFARI YA MWOMBAJI

Kosa la kwanza la mnunuzi mpya ni kuanzia mwisho. Husafiri, huingia dukani, huchagua, hutoa fedha za kushikia, kisha ndipo hurudi nyumbani kuomba ruhusa. Utaratibu ni kinyume chake. Kibali hutangulia, ununuzi hufuata. Maduka ya silaha yenye leseni ni machache, na mengi yako katika miji mikubwa. Mtu wa Tabora asikubali kusafiri mara mbili kwa kukosa subira, wala asikubali kumwachia mfanyabiashara fedha zake kwa silaha ambayo huenda asiruhusiwe kuimiliki.

Maombi huanzia nyumbani, kwenye Serikali ya Mtaa au ya Kijiji. Yanajadiliwa na kamati za ulinzi na usalama, yanapanda hadi kata, wilaya na mkoa, na Jeshi la Polisi linamchunguza mwombaji pamoja na alama zake za vidole. Mwombaji ataulizwa sababu ya kutaka silaha, mahali atakapoitunza, na kama amepata mafunzo ya kuitumia. Aseme kweli. Kama anataka kulinda shamba, aseme shamba, na aseme liko kijiji gani. Asiandike "ulinzi wa biashara" kwa sababu jirani yake aliandika hivyo akafanikiwa. Uongo mdogo ulioandikwa kwenye fomu hugeuka kuwa ushahidi mkubwa siku ya balaa.

Akishapata kibali ndipo aende dukani, na dukani nako kuna kazi ya macho. Kwanza ahakikishe kwamba muuzaji ana leseni iliyo hai. Pili, asome namba iliyopigwa kwenye mwili wa bunduki yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kisha ailinganishe na ile itakayoandikwa katika stakabadhi, katika daftari la muuzaji na katika hati yake. Asiridhike kusomewa. Tarakimu mbili zikipishana nafasi, mnunuzi atakuwa na karatasi ya bunduki isiyokuwapo, na bunduki isiyokuwa na karatasi.

Tatu, aelewe tofauti ya namba hiyo na namba ya upana wa mtutu. Bunduki nyingi za marisau huitwa "namba 12". Maana yake ni kwamba goroli 12 za risasi zenye upana wa mtutu huo hufanya uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu namba 20 ni mtutu mwembamba kuliko namba 12, jambo linalowashangaza wengi. Karani asiyejua hilo anaweza kuandika 12 mahali pa namba ya utambulisho, na mnunuzi asiyejua akapokea na kushukuru. Tena fataki za namba 12 hazitumiki katika mtutu wa namba 20, na kosa la kuzichanganya linaweza kumwua mpigaji mwenyewe. Karatasi iliyoandikwa sawasawa inalinda hata jicho na mkono wa mwenye bunduki.

Nne, katika safari ya kurudi, bunduki iwe tupu, imefungwa vizuri, fataki zikae mbali nayo, na karatasi zote ziwe mwilini mwa msafiri, si ndani ya mzigo uliopakiwa juu ya gari. Akifika, asipitilize nyumbani kuwaonyesha ndugu na marafiki. Kituo chake cha kwanza ni polisi, ili silaha ikaguliwe na kuandikwa. Sherehe itafuata.

WAJIBU HAUISHI DUKANI

Wapo wanaodhani kwamba mtu akishakabidhiwa leseni amemaliza. La! Hapo ndipo ameanza. Leseni hulipiwa kila mwaka, na kusahau si udhuru. Fataki nazo hununuliwa kwa kibali na kuandikwa, wala si karanga za kugawiana. Bunduki haiazimwi. Najua neno hili ni gumu katika jamii yetu, ambamo jembe huazimwa, baiskeli huazimwa, hata suti ya harusi huazimwa. Jirani akija usiku na kusema nguruwe wameingia shambani kwake, ni vigumu kumnyima. Lakini sheria imelitazama jina lako, imekuchunguza wewe, imekuruhusu wewe. Jirani hakuchunguzwa. Unapompa bunduki yako unampa pamoja nayo jina lako, na chochote atakachofanya nacho kitaandikwa juu yako.

Tena kumiliki bunduki si ruhusa ya kuwinda. Hayo ni mambo mawili, yenye sheria mbili na hati mbili. Uwindaji unatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, nayo inahitaji leseni yake. Mkoa wetu una Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kutoka pori la akiba. Mtu akikutwa humo na bunduki bila idhini, leseni ya polisi pekee haitamwokoa.

Kwa watumishi na walimu kuna jambo la pekee, nalo ni uhamisho. Mwalimu huletewa barua ya kuhamia Lindi au Rukwa, akafunga vyombo vyake, akapanda gari na bunduki yake, kisha kumbukumbu yake ikabaki Tabora. Mwaka wa kwanza anasema atakwenda kuarifu. Mwaka wa tatu amekwisha sahau. Silaha iko pembe moja ya nchi na daftari liko pembe nyingine. Mtumishi anayekumbuka kuhamisha mshahara wake ndani ya mwezi mmoja, anashindwaje kuarifu polisi wa kule atokako na wa kule aendako?

Kisha lipo jambo ambalo hatupendi kulitaja. Mwenye bunduki naye hufa. Arobaini inapita, ukoo unakaa, vitu vinagawanywa. Kijana mkubwa anachukua baiskeli, wa pili anachukua redio, na bunduki inabaki imetundikwa ukutani "kwa kumbukumbu ya mzee". Ukweli ni kwamba leseni ilikufa pamoja na mzee. Bunduki hiyo hairithiwi kama baiskeli. Inapaswa kuarifiwa na kukabidhiwa polisi mara moja, na mrithi anayeitaka aanze safari yake mwenyewe ya maombi tangu mtaani. Mjane anayebaki nayo chumbani, asijue hata kama ina fataki ndani, ameachiwa hatari badala ya urithi. Mwizi akiivunja nyumba hiyo usiku, bunduki iliyonunuliwa kwa halali, kwa jasho la mtumishi mwaminifu, inaanza maisha yake ya pili barabarani.

Hapa tunapata jibu kwa wale wasemao, "Jambazi hana karatasi, kwa nini mnatusumbua sisi?" Ni kweli jambazi haombi kibali. Lakini bunduki haioti porini kama uyoga. Nyingine huvuka mpaka, nyingine hutengenezwa kwa siri, na nyingine zilikuwa bunduki halali zilizoazimwa, zilizoibwa, zilizouzwa kimya kimya au zilizosahauliwa na ukoo. Mlango huu wa mwisho uko nyumbani kwetu, na sisi wenyewe ndio wenye uwezo wa kuufunga.

SAHIHI SI SALAMU

Sasa tuutazame ufunguo wa pili. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, mjumbe wa kamati, mwalimu mkuu anayeombwa barua ya tabia njema: hawa wote ni walinzi wa mlango. Je, wote wanajua hivyo? Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwombaji anafika na fomu, anasalimia, anauliza habari za watoto, mkubwa anatia sahihi na kupiga mhuri huku akizungumza habari za mvua. Ameifanya sahihi yake kuwa sehemu ya salamu. Hakumwuliza mke wa mwombaji kama nyumba ina amani. Hakumwuliza jirani kama mtu huyu akilewa hutishia watu. Anamwonea haya, kwa sababu ni mzee mwenzake, au aliwahi kumkopesha, au wanasali pamoja.

Uzembe huu si ugonjwa wetu peke yetu. Uingereza ina sheria kali za silaha na makarani wengi, na cheti cha bunduki ya marisau hudumu miaka mitano. Mwezi Agosti 2021, katika mtaa wa Keyham mjini Plymouth, kijana mmoja aliwaua watu watano kwa bunduki ya marisau aliyokuwa akiimiliki kwa halali, kisha akajiua. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mama yake mzazi na mtoto wa miaka mitatu. Bunduki hiyo na cheti chake vilikuwa vimechukuliwa na polisi mwezi Desemba 2020, baada ya kijana huyo kuwapiga watu, kisha akarudishiwa mwezi Julai 2021, majuma machache tu kabla ya mauaji. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika mwaka 2023 ulionyesha kasoro kubwa katika kazi ya polisi waliosimamia vyeti hivyo. Fomu zilikuwapo, mihuri ilikuwapo, ofisi ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza na kufuatilia.

Kila mtumishi anayeshika kalamu mbele ya fomu ya silaha hana budi kuikumbuka Keyham. Maana ya sahihi yake si "namfahamu". Maana yake ni "nimeuliza, nimechunguza, na niko tayari kujibu". Asiye tayari kujibu asitie sahihi. Na anayeomba "chai" ili atie sahihi haraka hana tofauti na yule afunguaye ghala la silaha usiku na kuuza ufunguo.

URASIMU NAO NI MLANGO WA MAGENDO

Hata hivyo haki haina upande mmoja. Kama tunavyomtaka mnunuzi awe mkweli na mtia sahihi awe mwangalifu, vivyo hivyo tunazitaka ofisi zetu ziache ugonjwa wa "njoo kesho". Tufikirie mkulima aliyejaza fomu yake kwa uaminifu kabla ya mvua za kwanza. Kamati haikukutana kwa sababu mjumbe mmoja yuko safarini. Fomu ilipofika ngazi ya juu ilirudishwa kwa kukosa picha moja. Iliporudi tena, karani aliyeijua amehamishwa. Mahindi yamepandwa, yamekomaa, yameliwa na nguruwe, na fomu bado iko njiani. Wakati huo huo kuna mtu kijijini anayejua fundi wa gobore, na gobore halina foleni.

Hatuhalalishi gobore lisilo na leseni. Ni kosa, tena ni hatari kwa anayelishika, maana mtutu wa bomba haujui tofauti ya adui na mwenyewe. Lakini kiongozi mwenye busara hujiuliza ni kwa nini mtu mwema aliacha barabara akapita kichakani. Mara nyingine ni tamaa. Mara nyingine ni kwamba sisi wenyewe tuliiziba barabara kwa uvivu wetu. Kuchunguza kwa makini si sawa na kuchelewesha. Faili linalokaa mezani miezi sita bila kufunguliwa halikuchunguzwa, limelala tu.

Tunapendekeza basi mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi bali nidhamu. Kwanza, kila ofisi inayopokea fomu ya silaha iandike juu yake tarehe ya kupokea na tarehe ya kuitoa, ili ijulikane mzigo ulilala wapi. Pili, mwombaji apewe jibu la maandishi katika muda uliotangazwa, na akikataliwa aelezwe sababu, kadiri usalama unavyoruhusu. Mtu aliyekataliwa kwa haki na kuelezwa atanung'unika, lakini hataidharau Serikali. Tatu, kamati ya mtaa isipitishe jina lolote kabla ya kuisikiliza familia ya mwombaji na majirani wawili, faraghani, pasipo yeye kuwapo.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, kila mwenyekiti wa mtaa au mtendaji anayeandika barua ya kumtambulisha msimamizi wa mirathi kwenda Mahakama ya Mwanzo, amwulize swali moja la ziada: "Je, marehemu alikuwa na silaha?" Swali hilo halichukui hata dakika moja. Likiulizwa katika kila mtaa na kila kijiji, bunduki nyingi zilizotundikwa kwenye kuta za wajane zitarudi mahali panapostahili kabla hazijapata mabwana wapya.

Mwaka 2016 wamiliki wa silaha nchini kote walitakiwa kwenda kuzihakiki, na mara kadhaa katika miaka ya karibuni Serikali imetoa muda wa watu kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Hizo ni hatua njema. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba daftari la mahudhurio haliitwi mara moja kwa muhula. Huitwa kila asubuhi, kwa sababu watoto huhama, huugua na hutoroka. Daftari la silaha nalo huchakaa kila siku, kwa vifo, kwa uhamisho na kwa usahaulifu. Uhakiki mkubwa wa mara moja hauwezi kuchukua nafasi ya uaminifu mdogo wa kila siku.

URITHI WA TABORA

Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora kuamua kama washiriki katika uchaguzi wenye masharti ya kibaguzi, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Hasira ilikuwa kubwa, na haki ya kukasirika ilikuwapo. Wako waliotaka uchaguzi ule ususiwe, na kila mtu aliweza kuona kwamba ghasia zingefuata. Mwalimu Nyerere na wenzake waliushawishi mkutano uichukue karatasi ya kura, hata kama ilikuwa karatasi yenye kasoro. Uamuzi ule tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Chini ya miaka minne baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilikuwa huru, na hatukuipata kwa mtutu wa bunduki.

Mji huu basi una mirathi miwili. Mmoja ni wa bunduki za misafara, zilizopita mikononi mwa watu bila jina wala hesabu, zikaiacha nchi imejeruhiwa. Wa pili ni wa karatasi iliyoshikwa kwa subira na watu wenye nidhamu. Ndugu mtumishi, ndugu mwalimu, siku utakapoijaza fomu yako, au utakapoletewa fomu ya mwenzako uitie sahihi, jiulize unaufuata urithi upi. Kama ni ule wa pili, soma namba tarakimu kwa tarakimu, uliza maswali yanayoona haya kuulizwa, lipa ada kwa wakati, na uwaambie watoto wako mapema, ungali hai, kwamba siku utakapofariki bunduki ile iende kituoni kabla ya matanga kuanuliwa.